Karibu, Wambeti

Wewe ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo, kwa sababu nakumbuka hata sweta uliyovaa. Ulikuwa kwenye foleni katika duka la kampuni ya simu mjini Meru, karibu kabisa na kaunta, na mwanamke mjamzito alipofungua kinywa mbele yako ikatoka ile sauti, uliinama ukaangalia simu yako. Haikuwa imelia. Hukuwa na ujumbe wowote. Ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka macho.

Wenzako wawili walicheka. Wewe hukucheka, na tangu siku hiyo umekuwa ukijipongeza moyoni kwamba hukucheka. Basi keti. Nitakusimulia ulichokikataa kwa macho yako, na nikimaliza nitakuambia la kufanya. Mimi si mtu wa kusahau. Nakumbuka hata kile kibanda cha simu kando ya posta, viziwi walivyokuwa wakisimama nje wakitutazama tukiongea na ukuta, nawe ukasema mambo yatabadilika. Kibanda kilikwishang'olewa. Wao wangali nje.

Nyumba yenyewe iko Kibirichia, upande wa juu, ambako baridi ya mlima hushuka hadi ndani ya matuta ya viazi. Mwenye nyumba ni Koome, mwanamume wa mabega mapana na maneno machache. Mkewe ni Wambeti, kiziwi, binti wa Kiambere, kule chini kwa Wambeere. Alipoolewa, watu wa huku juu walishangaa mara mbili: kwanza kwamba Koome ameoa Mmbeere, mtu wa jua na mbuzi, na pili kwamba ameoa asiyesikia. Ng'ambo ya ua anaishi Nkirote, dada mkubwa wa Koome, aliyerudi kwao ndoa yake ilipovunjika. Nkirote ndiye alikuwa mdomo wa Wambeti.

Huku kwetu kila kiziwi ana mdomo wake. Hakuna baraza lililokaa likaamua hivyo. Mtu mmoja wa ukoo, aghalabu anayependa kuongea, hushika simu kwa niaba yake. Anampigia daktari wa ng'ombe, anampigia mama yake kiziwi huko kwao, anaulizia mbegu, anapokea salamu. Kiziwi humtazama usoni akingoja kuambiwa kilichosemwa, na hupewa kile ambacho mdomo umependa kumpa. Wambeti alijua kwamba mazungumzo marefu ya Nkirote na mama yake wa Kiambere humfikia yeye kama kidole gumba kilichoinuliwa: wako salama. Alimwonea Nkirote wivu kwa hilo. Mama ni wake, na kicheko cha mama kiliishia katika sikio la wifi.

Siku waliponunua laini, kampuni ilikuwa imeleta mambo mapya. Kila mteja alitakiwa kusema maneno fulani, mashine iikariri sauti yake, ili mwizi akiiba simu asiweze kujifanya mwenyewe. Kijana wa kampuni aliyekuwa chini ya mwavuli pale sokoni alimtazama kiziwi, akamtazama wifi yake. Nkirote akashika simu, akakohoa kidogo kama anayetaka kuimba kanisani, akasema: "Mimi ni Wambeti. Sauti yangu ndiyo kufuli yangu."

Kijana akasema sawa. Koome akasema sawa. Wambeti mwenyewe aliitikia kwa kichwa akitabasamu, macho yakiwa kwenye kioo cha simu mpya. Hakuna aliyeona kosa. Ungekuwepo, nawe ungesema sawa.

Wambeti alikuwa ameharibikiwa mimba mara moja, na wanawake wa kanisani walijua kabla Koome hajajua. Hakuhitaji masikio kulielewa hilo. Aliona midomo ikikaribiana, kisha macho yakishuka tumboni mwake. Aliyepiga simu hospitali alikuwa mmoja tu.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipofika, alikwenda kliniki ya hospitali mjini akiwa ameamua kujisemea. Nkirote alimfuata kama kawaida, mkoba kwapani, akaingia mbele yake kwenye chumba cha nesi. Nesi aliitwa Nelius.

"Mama, wewe ngoja nje," Nelius alisema.

"Nje wapi?"

"Hapo kwenye benchi."

"Sista, labda hujanijua. Mimi ndiye humwongelea huyu. Mimi ndio mdomo wake."

"Leo atatumia mikono yake," Nelius akasema, akafunga mlango taratibu, bila ubaya.

Mlango ulikuwa na kioo. Nkirote aliinuka kwenye benchi akachungulia. Wambeti ameegemeza simu kwenye boksi la glavu, na ndani ya simu kuna mwanamume. Anaitwa Kivuti, mkalimani wa lugha ya ishara, yuko Embu kwenye ofisi ndogo ya chama cha viziwi. Nesi akisema, Kivuti anageuza maneno kuwa mikono. Wambeti akijibu, Kivuti anageuza mikono kuwa maneno. Na mikono ya Wambeti ilikuwa inakimbia. Ilipanda, ikashuka, ikakata, ikauliza, ikafanya mzaha. Nesi akacheka. Mwanamume wa kwenye simu akacheka.

Nkirote hakuwahi kumwona wifi yake akisema mambo mengi hivyo. Siku zote alidhani ni mtu wa maneno machache. Ilimuuma kama mtu anayemlisha ng'ombe, anamfagilia zizi, kumbe maziwa yanakamuliwa kwa jirani.

Walipotoka, Nkirote aliona nesi ameipiga mstari namba yake ya simu kwenye kadi ya kliniki. Wambeti ndiye aliyeomba ifutwe.

Jioni Koome hufungua televisheni asikilize habari. Wambeti husogeza kiti hadi karibu na kioo, kwa sababu mkalimani wa habari amewekwa chini pembeni, ndani ya kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Maandishi ya maneno yanayosemwa hayapo. Wenye kituo wameona kiberiti kinatosha. Tena mara kwa mara tangazo la dawa ya tumbo hupita chini ya kioo likamfunika mkalimani hadi shingoni, na Wambeti hubaki akimtazama mtu asiye na mikono.

Koome hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Lakini Nkirote alikuwa amekwisha kupitia uani na neno lake, kwamba kliniki kuna mwanamume ndani ya simu, na sasa Koome aliona kitu ambacho hakikuwepo jana: mke wake ameupeleka uso wake karibu na uso wa mwanamume mwingine. Akazima televisheni. Wambeti akageuka kumuuliza kwa nyusi. Koome akapiga miayo ya uongo, akaonyesha kitandani. Alikuwa amemwonea wivu mtu wa ukubwa wa kiberiti, na alijua, na kujua hakukumsaidia.

Kisha akamkuta kwenye stoo. Wambeti alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, simu ameiegemeza kwenye debe, anacheka kicheko kile kisicho na sauti kinachotikisa mabega. Mikono yake inasema. Koome alisimama mlangoni na jembe. Alikuwa na ishara zake chache alizojifunza kwa kuishi: kula, njoo, ng'ombe, gunia, mvua, lala. Zilitosha shambani. Zilitosha kitandani. Hazikutosha kuuliza: huyo mwanamume, ulikuwa unamchekea nini?

Alijaribu hata hivyo. Alionyesha simu, akaiga kicheko, akafungua viganja. Wambeti alifurahi kuulizwa. Akaandika kwenye simu akampa asome: Ni Kivuti, mkalimani. Nesi amesema presha inapanda, nipunguze chumvi. Nikamwambia mume wangu hutia chumvi kwenye chakula kama anayelisha ng'ombe.

Koome alisoma mara mbili. Ilikuwa kweli kuhusu chumvi. Ndiyo maana ilimchoma.

"Kwa hivyo huyo mtu wa Embu anaijua chumvi yangu," alimwambia Nkirote baadaye, jikoni kwake, wakinywa chai.

"Chumvi ni mwanzo. Kesho atajua shuka."

"Ni mkalimani. Ni kazi yake."

"Kazi," Nkirote akasema. "Hata yule wangu alikuwa na kazi kila jioni. Nilikuja kuijua hiyo kazi ilipozaa mapacha."

Koome akajiongezea sukari.

"Na ni mtu wa kwao," Nkirote akaendelea. "Mmbeere na Mmbeere. Wanatafuniana majani ya muguka ya kwao kwa vidole, wewe umekaa hapo kama kigogo. Unajua wanasema nini?"

"Sijui. Hilo tu, Nkirote. Sijui."

"Mimi nilikuwa nakuambia kila kitu."

Hilo lilikuwa kweli pia, na hakuna aliyesema kati yao kwamba hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Nje, kupitia mlango uliokuwa wazi, Wambeti alikuwa ameinama akichagua viazi vya mbegu, mgongo kwao. Koome alimtazama, akaitazama chai yake.

"Unaweza kuifunga?"

Nkirote hakuuliza nini. Alitoa simu yake mkobani, akapiga huduma, akataja namba ya Wambeti anayoijua kwa kichwa. Mashine ikamtaka aseme maneno yake.

"Mimi ni Wambeti. Sauti yangu ndiyo kufuli yangu."

"Karibu, Wambeti," mashine ikasema kwa sauti ya msichana aliyelelewa vizuri. "Nikusaidie vipi leo?"

Koome alisikia dada yake akiitwa kwa jina la mke wake, akaweka kikombe chini. Lakini Nkirote alitabasamu. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu yeyote, popote, amwambie karibu.

"Simu yangu imepotea. Naomba mnifungie laini."

"Pole sana, Wambeti. Laini yako imefungwa."

"Umeona?" Nkirote akamwambia kaka yake. "Hata mashine ina adabu kuliko yule nesi."

"Ni kwa siku chache," Koome akasema. "Mpaka atulie."

Hawakuwa wamehitaji hata kufunga mlango.

Nelius alikuwa amemwambia Wambeti, kupitia mikono ya Kivuti: kichwa kikiuma kisiache, au ukiona nyota, nipigie hapo hapo, usingoje siku ya kliniki. Mwisho wa wiki kichwa kikaanza. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Akachukua simu. Haina mtandao. Akaizima, akaiwasha. Akaiinua juu ya kichwa, akatoka uani, akapanda hadi kwenye josho ambako mawimbi hushika vizuri, mkono mmoja hewani, mwingine kiunoni.

Koome alikuwa anapalilia upande wa pili. Alimwona akipanda kilima na tumbo lile, simu imeinuliwa kama taa. Kila hatua aliihesabu kuwa mapenzi. Tazama anavyomtafuta, alijisemea. Kwangu mimi hajawahi kupanda hata kichuguu.

Simu ya Koome ilikuwa ile ya vitufe, haionyeshi uso wa mtu. Simu ya Nkirote ilionyesha, lakini Wambeti angeomba simu ya shetani kabla ya kuomba ya Nkirote. Akachukua kitambulisho, akavaa gauni la kanisani, akamwonyesha mumewe: Meru, laini kwanza ili apate wa kumkalimania, kisha hospitali. Koome akaandamana naye. Kukataa kungekuwa sawa na kukiri.

Sasa tumefika pale ulipokuwa umesimama.

Kijana wa kaunta aliitwa Gichovi. Alibonyeza bonyeza, akasema, "Mathe, laini imefungwa. Piga huduma, sema yale maneno yako ya sauti, inafunguka saa hii hii."

"Hasikii," Koome akasema.

"Basi mwambie wewe."

"Ni kiziwi, kijana."

"Nimeelewa, mzee. Lakini si aongee tu? Kusikia na kuongea ni vitu viwili."

Wambeti alisukuma kitambulisho kwenye kaunta. Gichovi akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Ni yeye, sikatai. Mimi naona ni yeye. Mfumo ndio haumjui." Akamwita msimamizi wake, mwanamke aliyeitwa Ciku, naye akaja akasoma kioo akiwa amesimama.

"Bila sauti hatuwezi," Ciku akasema. "Ni kwa usalama wake mwenyewe. Siku hizi kuna watu wabaya wanafungia wenzao laini."

Koome akaangalia viatu vyake.

Gichovi akapiga ile namba, akampelekea Wambeti simu mdomoni, akamwonyesha kwa kidole: sema. Wambeti aliielewa vizuri kabisa ishara hiyo. Sauti yake alikuwa ameiweka kando tangu shuleni, kwa sababu alijua inavyozifanya nyuso za watu. Kabla ya kuitoa, alizitazama nyuso hizo, mojawapo ikiwa yako. Kisha akafungua kinywa.

Ilitoka juu, ikapasuka katikati, ikaishia puani. "Samahani," mashine ikasema, "sauti yako haitambuliki. Tafadhali ongea polepole." Gichovi, masikio yamemwiva, akamwonyesha kidole tena. Akarudia. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo anaita ng'ombe," na wawili wakacheka. Wewe ukaangalia simu yako. Na Koome, aliyekuwa na neno moja tu la kusema, jina la dada yake, alilimeza. Akisema, laini itafunguka. Laini ikifunguka, yule mtu atarudi ndani yake na kuendelea kucheka.

Mara ya tatu mashine ikasema kwaheri.

"Halafu hii mbona ni ya ajabu?" Gichovi akasema, jicho kwenye kioo. "Laini haina kosa. Ameifunga mwenyewe. Alipiga Alhamisi, sauti ikakubaliwa."

Wambeti aligonga kaunta, akamsogezea kalamu. Gichovi akaandika nyuma ya risiti iliyokuwa imetupwa: Wewe mwenyewe ulipiga simu Alhamisi ukasema tufunge.

Akasoma. Chini ya jua hili kulikuwa na koo moja tu lililowahi kujiita Wambeti, na halikuwa lake. Akageuka kumtazama mumewe. Mtu ambaye maisha yake yote amesoma nyuso hakuhitaji kusoma huo mara mbili.

Hapo mikono yake ikaanza. Akashika kichwa. Akafungua na kufumba vidole mbele ya macho. Akapiga kiganja kwenye bega lake la kushoto. Akavuta mikono yote miwili kifuani, kwa nguvu. Akarudia, haraka zaidi, bega, kifua, macho yamemtoka. Koome aliona hasira. Aliona anatukanwa mbele ya watu, kwa lugha ambayo yule wa Embu angeielewa na yeye hapana.

"Tutaongea nyumbani," akamwambia asiyesikia, akarudi nyuma hatua moja.

Wambeti akaanguka pale pale alipokuwa Koome amesimama.

Kilichomshika ni kifafa cha mimba. Alikimbizwa hospitali, madaktari wakampasua jioni ile ile, wakatoa msichana mdogo wa kutoshea kwenye karai, wakampeleka kwenye chumba cha joto. Alikuwa anapumua. Nelius alimkuta Koome kwenye ukumbi, akasimama mbele yake.

"Nimempigia tangu Ijumaa. Nilikuwa nataka nimlaze mapema. Hapatikani, hapatikani. Simu ilipotelea wapi?"

Koome akasogeza midomo, hakikutoka kitu. Kwa dakika hiyo, nyumba ile ilikuwa na mabubu wawili.

Wambeti alizinduka, akafungua macho, na hakuona. Daktari alisema presha imegonga sehemu ya ubongo inayoona, kwamba mara nyingi huwa ni ya muda, siku kadhaa, wangoje. Ni rahisi kusema wangoje. Mwanamke ambaye dunia yote humwingilia machoni alikuwa amelala gizani, tumbo limeshonwa na kubaki tupu, akipapasa hewa kwa mikono, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kama mtoto yu hai.

Nelius akampigia Kivuti kwa simu yake mwenyewe, akamwelekezea Koome kioo. Hivyo ndivyo Koome alivyomwona hasimu wake kwa mara ya kwanza: kipara, miwani, sweta iliyochomoka nyuzi kwenye kola, na nyuma yake mtu fulani anagombana na kuku.

"Wewe ndiye Koome," Kivuti akasema.

"Ndimi."

"Alisema nini kabla hajaanguka? Daktari anataka kujua dalili zilianza vipi."

"Alikuwa ananitukana."

"Nionyeshe."

Koome akaweka kofia kitandani. Akashika kichwa. Akafungua na kufumba vidole mbele ya macho. Akapiga bega la kushoto. Akavuta mikono kifuani.

"Rudia hiyo ya mwisho."

Akarudia.

Kivuti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kichwa kinaniuma. Naona nyota. Hiyo ya bega ni jina lako, ndugu yangu. Yule anayebeba gunia bega la kushoto. Ndivyo anavyokuita tangu nimjue. Akikutaja anatabasamu kwanza. Na hiyo ya mwisho," akasita, "alikuwa anakuambia umshike."

"Nini?"

"Nishike. Alikuwa anasema nishike."

Koome alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mikono ya Wambeti iliendelea kutafuta hewani.

"Mwambie mtoto yuko hai," akamwambia Kivuti. "Tafadhali. Mwambie."

"Mimi hanioni. Hapa mimi si kitu. Fanya wewe, ndani ya viganja vyake. Nitakuonyesha."

Kwa hiyo mwanamume aliyefunga laini ili mikono ya mtu fulani isimfikie mkewe, aliketi akifundishwa na mikono hiyo hiyo. Mtoto. Msichana. Yuko hai. Vidole vyake vya jembe vilikuwa vizito. Kivuti alimrudisha nyuma, tena, tena, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kisha Koome akashika mikono ya mkewe. Wambeti alipapasa sugu za kiganja, akapita kwenye kovu la panga kwenye kidole gumba, akamjua. Akanyofoa mikono yake, akaificha chini ya blanketi.

Koome alingoja. Hakukuwa na lingine. Baada ya muda, si kwa ajili yake, mkono mmoja ulitoka. Mmoja tu. Akauchukua na kusema ndani yake yale aliyofundishwa, kwa lafudhi mbaya kabisa. Uso wa Wambeti ulibadilika. Alimfanya arudie, akarudia, akarudia. Halafu mkono ule ukauliza kitu.

"Anasema nini?"

Kivuti alikuwa ameona. "Anauliza nani alifunga."

"Nitasemaje mimi?"

"Hiyo haina shule."

Koome akachukua kidole cha mkewe, akakigusisha kifuani pake mwenyewe, akakiacha hapo.

Macho yalirudi, kwanza mwanga, kisha nyuso. Nkirote alifika wodini na chupa ya uji, akilia, na machozi yalikuwa ya kweli, sitamnyang'anya hayo. Akatoa simu. "Niongee mara moja tu, itafunguka. Ni mimi niliyeifunga, acha niifungue." Akapiga, akasema yale maneno, na Wambeti, akiwa ameegemea mto, aliusoma mdomo wa wifi yake ukijiita Wambeti. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kabla mashine haijasema karibu, akaizima. Kwenye karatasi ya nesi akaandika: Ukiifungua wewe, bado ni yako.

Alipopona alirudi kwenye kaunta. Amerudi kila siku ya soko tangu hapo, mtoto mgongoni, kitambulisho mkononi. Koome husimama kando yake na kusema kwa sauti, watu wakisikia, "Tuliifunga mimi na dada yangu." Gichovi humsikiliza kwa huruma. Mfumo hauna mahali pa kuliandika hilo. Mfumo unataka sauti, hata kwa laini mpya. Ninapokuandikia, laini ya Wambeti imefungwa, na mama yake huko Kiambere hajauona uso wa mjukuu wake.

Sasa wewe. Siku ya soko inakuja, na foleni unaijua. Toka mahali pako usimame kando yake, umwambie Gichovi hutahudumiwa kabla ya huyu aliyekutangulia. Na yule wa nyuma yako akinung'unika, mvute naye mbele. Lakini usingoje siku ya soko. Hiyo simu uliyokuwa unaitazama siku ile bado iko mkononi mwako, hata sasa, unaposoma. Piga huduma. Itakukaribisha kwa jina lako, kwa sababu wewe una sauti. Ngoja hadi apokee binadamu, na umuulize: Wambeti wa Kibirichia, mwenye uso wake, kitambulisho chake na mikono yake, afungue vipi laini yake mwenyewe? Akikuambia mfumo, uliza tena. Usikate wewe kwanza. Piga.